Kamba ya Mbuzi wa Tano

Nimeshikwa na serikali mara moja tu maishani, ikanishika tangu Ijumaa asubuhi hadi Jumatatu mchana, na katika muda huo nilipewa majina saba ya hali ileile moja. Nilipoyahesabu mara ya kwanza nilipata sita. Nikarudia, kama ilivyo desturi yangu, nikapata saba, maana nilikuwa nimeliruka lile alilonipa mwanamke wa ndizi pale Rungwe Mpya. Nitalifikia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Watu walikuwa wamekwisha kuteremshwa kutoka milimani na kupangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari kama meno, na tangu hapo kila kitu kilichotembea kilihitaji karatasi. Mtu alikuwa na ya kwendea na ya kurudia. Mnyama alikuwa na yake. Mimi nilichuuza mbuzi na maharage kati ya Kibondo na Kasulu, kwa hiyo mfuko wa shati langu ulikuwa na karatasi nyingi kuliko ofisi ya kijiji, na nilijiona mtu asiyeweza kuguswa.

Katika kijiji cha Titye nilikuwa na mchumba. Hapo awali nilikwenda kwao kununua maharage, na kawaida yangu nilikuwa nikipimiwa debe nalitikisa kidogo, punje zishuke, debe limeze zaidi. Yule binti aliweka viganja vyake viwili juu ya debe langu na kusema, "Kaka, debe limelala. Usiliamshe." Hakuna mtu aliyewahi kunizuia nisitikise debe, kuanzia Kibondo mpaka ziwani. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba mdogo nimepata mke.

Baba yake alikuwa katekista. Alivuka mpaka kutoka Burundi miaka michache kabla ya hapo, pamoja na mke, mabinti wawili, Biblia na jembe lisilo na mpini. Mtu mpole, mwenye kusema polepole kama anayetafuta mahali pa kukanyaga. Baba mdogo alipokwenda kunisemea, alirudi na masharti matatu. La kwanza, mbuzi watano, kila mmoja na kamba yake. La pili, nije mwenyewe Jumamosi kabla jua halijafika utosini, kwa sababu Jumapili baada ya ibada wangepokelewa watu wa kijana mwingine. La tatu, niwe kijana asiye na shauri na serikali.

"Hilo la tatu alilisema mara mbili," baba mdogo akaniambia. "Mtu wa dini yule. Hataki wahuni."

Hivyo ndivyo tulivyolielewa, mimi na baba mdogo, watu wawili wazima wenye akili zetu.

Hilo la kamba halikunishangaza. Kwetu Uha mbuzi wa mahari hukabidhiwa akiwa na kamba shingoni, na kamba hairudi. Ukileta mbuzi bila kamba ni kama umesema ulimwokota njiani, na mkwe ana haki ya kukuuliza uliuokota njia gani ukwe wenyewe. Nikanunua kamba tano mpya za katani. Nikanunua mbuzi wanne wazuri. Wa tano alikuwa na tumbo. Muuzaji alisema ana mimba, nami nikamwambia hayo ni majani, mbuzi wako ana ulafi, nani atamlisha huyu? Tulibishana tangu asubuhi mpaka maziwa yakachacha, mwishowe akachoka akaniuzia kwa hesabu ya majani. Nilijua kabisa ni mimba. Ofisini Kibondo nikaandikiwa kibali cha mbuzi watano, mhuri ukagongwa, Jumanne nikaondoka.

Alhamisi alasiri majani yakazaa.

Alizaa kando ya barabara bila shida, mtoto dume, mweupe mwenye doa shingoni. Nilimbeba mkononi huku nikijisifu, maana nilikuwa nimepata mbuzi wa sita bure. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili walikuwa sita, na mara zote mbili nilifurahi. Karatasi sikuikumbuka.

Kizuizi kilikuwa kabla ya Rungwe Mpya, mti mrefu umelazwa juu ya barabara, ncha moja imefungwa jiwe zito ili mti upande wenyewe ukiachiwa. Mgambo aliyekilinda alikuwa mtu wa makamo, Muha mwenzangu, kaptula ya kaki na rungu. Nikampa karatasi. Akaishika, akaitazama kwa heshima, kisha akawatazama mbuzi. Kusoma hakujua, lakini tarakimu alizijua, na kwa bahati yangu mbaya tarakimu ilikuwa moja tu.

"Hapa ni tano."

"Ndiyo."

"Mimi naona sita."

"Wa sita kazaliwa jana, mzee."

"Kazaliwa wapi?"

"Barabarani."

"Upande huu wa kizuizi au ule?"

"Mzee, kizuizi ndiyo kwanza nakiona."

"Basi kazaliwa upande wa Kibondo," akasema, "na upande wa Kibondo wameandika tano." Akafikiri. "Mwite mama yake aje nimwone."

Mama yake akaja mwenyewe, akanusa mtoto, akalamba mkono wangu. Mgambo alikubali kwamba ni mama. Alikubali kwamba mtoto ni mtoto. Jambo moja tu hakulikubali, kwamba watano na mmoja wanaweza kupita kwa karatasi ya watano. "Wiki iliyopita mtu alipita na kuku kumi na wawili kwa karatasi ya kumi," akasema. "Nilimwonea huruma. Waliniuliza mimi wale kuku wawili. Wewe, ndugu, umeshikwa."

Hilo ndilo jina la kwanza.

Pingu hakuwa nazo. Pingu, alinieleza, zilikuwa Kasulu, na huko zilikuwa na kazi. Akaangaza macho, akaiona kamba mpya shingoni mwa mbuzi wa tano, akaifungua.

"Mzee, hiyo kamba ni ya mahari."

"Na hii ni sheria."

"Chukua basi ile ya mbuzi mweusi, imeanza kuchakaa." Haikuwa imeanza kuchakaa. Zote tano nilizinunua siku moja.

"Nataka hii mpya. Wewe una nguvu."

Sifa hiyo sikuitegemea, nikamnyoshea mkono. Akanifunga kifundo cha mkono wa kushoto, ncha ya pili akaifunga kwenye mti wa kizuizi karibu na jiwe. Fundo alilolipiga lilikuwa la ajabu, limejisokota kama mtu mwenye tumbo la kuhara, nikaona wazi kwamba siku ya kulifungua itabidi kamba ikatwe. Moyo uliniuma. Nikamwambia, mzee, ngoja, fundo hili litaharibu mali. Nikamwonyesha fundo letu la wachuuzi wa mbuzi, lile linaloshika mnyama akivuta, lakini wewe ukivuta ncha fupi linaachia lote mara moja. Alijaribu mara tatu. La nne likawa zuri kuliko langu. Hivyo nikafungwa na fundo nililofundisha mwenyewe, kwa kamba niliyonunua mwenyewe, na wala sikuliona hilo kuwa la kuchekesha, nilikuwa nafikiria kamba.

Kero ilianza lori la kwanza lilipofika. Mti ulipopanda, upande wangu wa jiwe ulishuka, nikachuchumaa. Ulipoteremka nikasimama. Lori la pili, nikachuchumaa tena. Kufikia la tatu mgambo alikuwa amekwisha kukaa kivulini akiniachia kazi yote, kwa vile nilikuwa pale pale, na ndipo ikajulikana kwamba mimi najua kusoma. Akaanza kuniletea karatasi za wapita njia. Nikazisoma kwa sauti, nikahesabu magunia, nikahesabu tena. Mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mihogo aliniamkia, "Shikamoo, bwana mgambo." Nikaitikia. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa na mwingine ulikuwa na mtoto wa mbuzi, ningesemaje?

Mchana alinigawia ugali wake na dagaa. Nilikula zaidi yake. Nilikuwa nimebanwa na njaa tangu jana, na zaidi ya njaa nilibanwa na Jumamosi. Nikamweleza yote. Mchumba, katekista, jua la utosini, watu wa Jumapili. Akasikiliza akitafuna.

"Ningekuachia," akasema. "Lakini wale kuku."

Bwana mifugo alikuja saa kumi kwa pikipiki. Yeye alitoka pwani, kaletwa huku kwa kazi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno, kila neno limepigwa pasi. Aliwahesabu mbuzi, akanihesabu na mimi, akaegemea pikipiki yake na kufungua daftari. Kunifungulia hakuweza, alisema, maana tukio limeshatokea. Lakini harusi ni jambo la heri, hakutaka kuizuia. Basi mgambo anisindikize Titye na mbuzi wangu, nifanye yangu, kisha Jumatatu anifikishe Kasulu ofisini, mtoto wa mbuzi aandikwe, mambo yaishe. Mpaka hapo kamba isitoke. Angeniandikia barua ya kuonyesha njiani, na wa kuishika ni mimi.

Akaanza kuandika huku akisoma. "Mtajwa amekamatwa..."

Hapo nikaamka. Mimi mtu wa soko, na nilimsikia baba mdogo akisema lile sharti la tatu lilirudiwa mara mbili. Mkwe wangu ni msomaji.

"Ndugu bwana mifugo, hilo neno ni kubwa."

"Ndilo neno lake."

"Kubwa kwa mtoto mmoja wa mbuzi. Punguza."

Alinitazama, nikaona naye anapenda maneno kama mimi ninavyopenda maharage. Akakata. "Anashikiliwa."

"Hilo bado lina mkono ndani yake."

"Amezuiliwa, basi. Kuzuiliwa si kukamatwa, ndugu. Hata mvua huzuia mtu."

"Mvua haiandiki barua."

Akacheka, akafikiri, akauma kalamu. Tulishuka pamoja ngazi kwa ngazi, nikimwonyesha mbuzi, nikimwonyesha jua, mpaka tukafika chini kabisa. Akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: *Mtajwa ameombwa kuambatana na mlinzi kwa mazungumzo mafupi.* Nikaisoma mara mbili. Nimefanya biashara miaka mingi baada ya hapo, na nakiri sijawahi kushusha kitu kutoka juu namna ile hadi chini namna ile. Nililala nikitabasamu.

Jumamosi alfajiri likazuka la kamba. Mbuzi watano, kamba nne. Nikamwomba mgambo airudishe shingoni kwa mwenyewe.

"Bwana mifugo kasema isitoke."

"Nitaingiaje kwa mkwe na mbuzi asiye na kamba?"

Akaikuna shingo yake, akatazama kamba, akaona kitu ambacho mimi msomi sikukiona. "Kamba ina ncha mbili," akasema. Akaifungua kwenye mti, na ncha ile akaifunga shingoni mwa mbuzi wa tano. Tukaondoka hivyo. Mbele mgambo na mbuzi wanne, nyuma mimi na mbuzi wa tano tumegawana kamba moja, mtoto wake kifuani pangu, na kila alipolia mama alisimama, na mama akisimama nami nilisimama.

Rungwe Mpya wakati huo ilikuwa mpya kweli, nyasi za mapaa bado zina rangi. Mwanamke aliyekuwa akipanga ndizi alituona tukipita, akamuuliza mgambo, "Na huyo mwenye suruali, anaswagwa naye kwenda mnadani?"

"Huyu anakwenda kuoa."

"Ego, ndiyo. Basi ni kitu kilekile," akasema, akaendelea na ndizi zake.

Tulifika Titye jua likiwa bado na nafasi ya viganja viwili. Baba mdogo alikuwa ametangulia, yuko uani amekaa na wazee wawili wa kanisa, na aliponiona alifumba macho. Katekista alitoka ndani. Aliwahesabu mbuzi kwa kidole, akaona watano, kamba tano, akaona ya tano inakoishia. Nikatoa barua kwa mkono ulio huru, kwa adabu, kama mtu anayetoa zawadi.

Aliisoma kwa sauti akiwa amesimama. Nikawa namtazama usoni, nikingoja lile neno langu lifanye kazi yake. Lilifanya. Uso wake ukazimika. Akakunja barua mara nne, akanirudishia.

"Rudi kwenu, mwanangu," akasema. "Nenda sasa, wakati bado unatembea."

Baba mdogo akaruka. "Mkwe, barua inasema ameombwa tu. Mazungumzo mafupi."

"Nimesoma." Akakaa kwenye kigoda, mikono magotini. "Kaka yangu naye aliombwa. Alikuja mtu mstaarabu sana na karatasi. Mazungumzo mafupi, akasema, utamalizia chakula ukirudi. Tulikiweka chakula chake siku tatu." Alisema neno la kwao la kufunga mtu kamba, kuboha, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo kidogo, kisha akairudisha magotini kama aliyeona imekwenda mahali pasipofaa. "Hivi ndivyo alivyobohwa. Walikuwa wengi kwenye lori. Sina ubaya nawe. Lakini binti yangu hataweka chakula cha mtu."

Hapo ndipo nilipoelewa sharti la tatu, na nikaelewa nilichokuwa nimenunua kwa bei ya chini. Mimi, ambaye nilimwambia mtu mimba ni majani, nikaitia barua mfukoni.

Aliyesema ni mgambo. Alikuwa ameganda tangu barua iliposomwa, maana ilipoandikwa alikuwa akiwanywesha mbuzi, na ndiyo kwanza alisikia kilichomo.

"Nani kaombwa?" akauliza. Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Mzee, huyu hakuombwa. Nilimkamata. Kizuizini nasimama mwaka wa pili, mtu wa kwanza kumfunga ni huyu, halafu wanaandika kaombwa?"

Katekista akamgeukia taratibu. "Ulimfunga wewe?"

"Kwa mikono hii."

"Mikono yake yote miwili?"

"Mmoja. Mwingine alikuwa anabeba mtoto wa mbuzi."

"Mbele au nyuma?"

Mgambo hakuelewa swali. "Mbele, mzee. Nyuma angesomaje zile karatasi?"

"Karatasi gani?"

Ikabidi yote yasemwe. Kuchuchumaa na kusimama, magunia, mama wa mihogo. Mzee mmoja wa kanisa aligeuza uso ukutani, mabega yakitikisika.

"Alikula?" katekista akauliza.

"Ugali wangu. Alikula mwingi kuliko mimi, na dagaa alichagua wale wakubwa."

"Nionyeshe fundo."

Nikanyosha mkono. Akalitazama kwa muda mrefu, akaligusa kwa kidole kimoja, upande huu, upande ule. Kisha akavuta ncha fupi. Kamba ikaachia yote, ikaanguka mguuni pangu.

"Ulijua linafunguka?" akaniuliza.

"Nilimfundisha mimi, baba."

"Tangu jana asubuhi ulijua."

"Ndiyo, baba."

"Na hukukimbia."

"Kamba ni yangu," nikasema. "Tena ni ya mbuzi wako. Ningeikimbiaje?"

Jibu hilo sikulipanga. Ni la kweli, kwa hiyo halikuwa na ufundi wowote. Katekista akainama, akaiokota ile ncha iliyoanguka, akaikunja kidogo kidogo mpaka ikafika shingoni mwa mbuzi wa tano, akabaki amemshika. Ndani ya nyumba nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Alikuwa binti, amesimama nyuma ya mlango muda wote ule. Baba yake akasema bila kugeuka, "Leteni togwa. Wageni wamesimama sana." Watu wa Jumapili waliambiwa asubuhi yake, mlangoni mwa kanisa, wasisumbuke.

Palitokea ubishi mmoja tu tena. Mgambo aliitaka kamba, kwa kuwa mpaka Jumatatu ilikuwa kamba ya serikali. Katekista alisema imeingia uani kwake na mbuzi wa mahari, haitoki. Walibishana huku wakinywa, na mgambo alishindwa.

"Sasa huyu nitampelekaje Kasulu?"

"Mshike mkono," akaambiwa.

Jumatatu tuliingia Kasulu tumeshikana mikono kama wanaume wawili waliotoka kilabuni, mtoto wa mbuzi kwapani mwa mgambo, zamu yake ya kumbeba. Karani aliandika sita mahali pa tano, akagonga mhuri, akatuuliza ni yupi kati yetu aliyeletwa.

Ile kamba mkwe wangu hakuifungia mbuzi hata siku moja. Aliitundika ndani, juu ya mlango, na kwa miaka yote niliyokwenda pale niliiona, katani yake ikibadilika rangi kwa moshi. Kuna mwaka nilipungukiwa kamba moja nikiwa njiani na mbuzi, nikamwomba aniuzie. Akakataa. Nikapandisha bei. Nikaipandisha mara ya pili, jambo ambalo simfanyii mtu.

"Haiuzwi," akasema. "Nimeona kamba nyingi za serikali. Hii ndiyo ya kwanza kuiona imefunguka."

Nikamkumbusha kwamba haikuwa ya serikali. Niliinunua mwenyewe, sokoni Kibondo, tena niliomba nipunguziwe, nikapunguziwa.

"Ndiyo," akasema, akaiacha palepale.